Sumu ya Usingizi

Ngazi za mnara wa Msikiti wa Taifa pale Old Kampala zinapita mia tatu. Ukifika juu unahema, lakini mji wote umelala chini yako. Kwenye kilima hiki Kapteni Lugard alijenga ngome yake Desemba 1890. Msikiti wenyewe ulianzishwa enzi za Idi Amin, ukakaa miaka mingi bila kumalizika, hadi fedha za Libya zilipoukamilisha na Gaddafi akaja kuuzindua mwaka 2008. Anayekuongoza atakuonyesha Rubaga, Makerere na Kololo. Mimi macho yangu huenda kwingine: Namirembe, kwa sababu ya hospitali ya Mengo aliyoianzisha Albert Cook mwaka 1897, Mulago, kwa sababu ya wodi zake za kifua, na Kisenyi, hapo chini, mabati kwa mabati, mafundi wa vyuma, Wasomali wenye maduka, Wakongo waliopanda kilima kwenda kujiandikisha ukimbizi katika kituo cha polisi cha Old Kampala. Vyumba vidogo, watu wengi, hewa moja. Kifua kikuu hakihitaji zaidi ya hapo.

Katika kliniki za mitaa ya namna hii kuna maneno ambayo kila mhudumu ameyasikia: “Musawo, mimi nimepona.” Mgonjwa yuko mwezi wa pili wa dawa. Kikohozi kimekata, majasho ya usiku yamekoma, suruali iliyokuwa inampwaya sasa inamkaa. Makohozi yamepimwa, hayana kitu. Kilichobaki ni mkojo wa rangi ya chungwa, kazi ya rifampisini, na vidonge vya miezi minne mingine. Musawo, yaani mhudumu wa afya, humjibu kwamba akiacha, ugonjwa utarudi ukiwa sugu. Jibu hilo linasaidia, ila ni nusu ya ukweli. Wengi waliorudiwa na kifua kikuu walirudiwa na bakteria wasio na usugu wowote, na tunalijua hilo kwa sababu wagonjwa wa Afrika Mashariki walitufundisha.

Kabla ya miaka ya 1970 tiba ya kawaida ilichukua miezi 18, na kumfuatilia mtu muda wote huo, awe mkulima wa Masaka au mchukuzi wa Kampala, ilikuwa kazi ya kukatisha tamaa. Mwaka 1970 hospitali za Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ambako Wallace Fox ndiye aliyekuwa msukumaji mkuu, zilijaribu kuponya kwa miezi sita. Vikundi vinne vya wagonjwa vilipewa streptomaisini na isoniazidi kila siku. Kimoja hakikuongezewa kitu. Cha pili kiliongezewa thiasetazoni, dawa ya bei rahisi iliyozoeleka huku kwetu. Cha tatu pirazinamidi. Cha nne rifampisini. Kikundi cha tano kilibaki na tiba ya zamani ya miezi 18.

Miezi sita ilipotimia, karibu kila mtu alikuwa na makohozi safi. Ungeishia hapo, ungesema dawa zote ni sawa. Watafiti hawakuishia hapo. Waliendelea kuwapima watu hao baada ya vidonge kwisha, na hapo ndipo mambo yalipojitenga. Kwa waliotumia dawa mbili tu, 29 kati ya kila 100 walirudiwa. Thiasetazoni ilishusha hadi 22, pirazinamidi hadi 8, rifampisini hadi 3, sawa na wale wa miezi 18. Tiba ya miezi sita inayotolewa leo duniani kote ina mizizi katika matokeo hayo, yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1972, na sioni kwa nini vitabu vyetu vya shule havilitaji jambo hili.

Lakini lililonivuta kuandika sura hii ni jambo la pembeni katika taarifa zile. Bakteria wa waliorudiwa walipooteshwa maabara na kuwekewa dawa zile zile, kwa sehemu kubwa walikufa kama kawaida. Hawakuwa wamejifunza kuipinga isoniazidi. Walikaa miezi sita ndani ya dawa inayowaua, wakatoka wazima, na walipoanza kuzaana tena dawa ile ile iliwaua. Sasa walikuwa wapi muda wote huo?

Nairobi ilitoa kidokezo. Mwaka 1980 Amina Jindani, Denis Mitchison na wenzao walichapisha hesabu ya bakteria katika makohozi ya wagonjwa 124, siku baada ya siku, kuanzia kidonge cha kwanza. Siku mbili za mwanzo isoniazidi ilifyeka sehemu kubwa kabisa ya bakteria. Kisha mwendo ukapungua ghafla. Dawa ile ile, mgonjwa yule yule, kipimo kile kile, ila waliobaki walikufa kwa kusuasua. Mitchison akatoa hoja kwamba ndani ya kifua kimoja hakuna jeshi la aina moja: wapo wanaogawanyika kwa kasi, nao hufa kwanza, na wapo wanaokaribia kusimama kabisa, nao ndio wanaokula miezi yetu.

Kampala yenyewe iliulizwa swali hilo upya. Wagonjwa wa Uganda, Brazil na Ufilipino waliokuwa na ugonjwa mwepesi, mapafu yasiyo na mashimo, na ambao makohozi yao yalikuwa safi baada ya miezi miwili, waligawanywa: nusu waishie mwezi wa nne, nusu wamalize sita. Walikuwa watu ambao daktari yeyote angewaona wamepona. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakatoka mwaka 2009: asilimia 7 ya walioishia miezi minne walirudiwa, dhidi ya 1.6 ya waliomaliza. Yaani 93 kati ya 100 hawakuhitaji vidonge vya miezi miwili ya mwisho. Shida ni kwamba hakuna aliyeweza kuwanyooshea kidole wale saba, kwa hiyo wote 100 wanameza.

Tabia hii haikugunduliwa kwanza kwenye kifua kikuu. Mwaka 1944, penisilini ikiwa bado mpya, Joseph Bigger wa Dublin aliona kwamba kwenye chupa iliyojaa bakteria wa majipu, dawa huua karibu wote na kumwacha takriban mmoja katika milioni. Aliwaotesha hao waliobaki, akawapa penisilini, wakafa kama wazazi wao, na tena akabaki mmoja katika milioni. Nitawaita masalia. Bakteria sugu ana jeni iliyobadilika, naye huwarithisha wanawe. Mwekee dawa, ataendelea kuzaana humo humo. Masalia hana jeni mpya. Hazaani, hali, hajengi chochote, na kwa kuwa antibiotiki nyingi huua kwa kuvuruga kazi inayoendelea, asiyefanya kazi hana cha kuvurugwa. Nani basi anamlaza?

Jibu moja lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitafuta usingizi. Miaka ya 1980 wataalamu walikuwa wakihangaika na plasmidi, vile viduara vya DNA ambavyo bakteria hubeba nje ya kromosomu yake na ambavyo mara nyingi ndivyo huhamisha usugu kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Plasmidi ni mzigo. Bakteria anapogawanyika, ilitarajiwa mtoto mmojammoja azaliwe bila plasmidi, akue haraka kwa kutobeba kitu, na baada ya vizazi kadhaa plasmidi ipotee. Haikupotea. Mwaka 1983 Teru Ogura na Sota Hiraga, Wajapani, walieleza jeni mbili jirani kwenye plasmidi iitwayo F: moja inatengeneza sumu, nyingine kiuasumu. Miaka mitatu baadaye Kenn Gerdes na wenzake huko Odense, Denmark, walieleza jozi nyingine, hok na sok, kwenye plasmidi R1. Hii ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa sababu kiuasumu chake si protini. Ni kipande kifupi cha RNA.

Inafanya kazi hivi. Jeni ya hok inanakiliwa kuwa RNA ya ujumbe, ambayo ribosomu zikiisoma hutoa protini fupi yenye asidi amino 52. Protini hiyo hujipenyeza kwenye utando wa seli na kuutoboa, umeme wa seli unavuja, na seli inakufa. Ukiitazama kwa hadubini unaona ncha mbili nyeusi na katikati kweupe. Watafiti waliziita seli hizo mizimu. Jeni ya sok imekaa papo hapo, juu ya utepe wa pili wa DNA, ikisomwa kwa kurudi nyuma. Kwa hiyo RNA yake, herufi zipatazo 60 na kitu, inalingana na sehemu ya ujumbe wa hok: penye A hapa pana U kule, penye G pana C. Zikikutana zinashikana, ribosomu zinakosa pa kuanzia kusoma, na kimeng'enya kinachochukia RNA ya nyuzi mbili kinaikata jozi nzima. Sumu haitengenezwi.

Ujanja uko kwenye umri. RNA ya hok ni ngumu, inaweza kukaa dakika 20 na zaidi. RNA ya sok huoza katika nusu dakika hivi, lakini inatengenezwa mfululizo na kwa wingi, kwa hiyo daima ipo ya kutosha. Sasa bakteria agawanyike na mtoto mmoja akose plasmidi. Amerithi majimaji ya mama, na ndani yake mna ujumbe wa hok pamoja na sok. Kiwanda cha sok hanacho tena. Baada ya dakika chache sok zote zimeoza, ujumbe wa hok bado upo, ribosomu zinausoma, na mtoto anakufa. Plasmidi ni mgeni aliyemtilia mwenyeji sumu kwenye chakula na akabaki na dawa yake mfukoni, anampa kijiko kimoja kimoja. Mfukuze leo, kesho umekufa.

RNA hizi ndogo hazikuzaliwa kwa ajili ya plasmidi tu. Mwaka 1984 Takeshi Mizuno, Masayori Inouye na mwenzao walieleza micF, RNA fupi kwenye kromosomu ya bakteria wa utumbo, Escherichia coli, inayozima utengenezaji wa vinyweleo fulani vya kuta za seli. Baadaye zikaja kwa makumi, kisha mamia. RyhB, kwa mfano, hutokea chuma kinapoadimika na kuzima protini zinazotumia chuma bila ulazima. Faida yake kwa bakteria inaeleweka: RNA fupi ni rahisi kutengeneza, hufanya kazi papo hapo na huoza upesi, kwa hiyo amri inaweza kutolewa na kufutwa haraka. Nyingi kati ya hizo, kwenye E. coli, husaidiwa na protini iitwayo Hfq inayozishika na kuzikutanisha na ujumbe zinaoutafuta. Bakteria wa kifua kikuu hana Hfq. RNA ndogo anazo. Kristine Arnvig na Douglas Young wa London walieleza tisa za kwanza mwaka 2009. Jinsi anavyozikutanisha bila msaidizi huyo ni mada inayohitaji kitabu chake, na si hiki.

Turudi kwenye sumu. Ilipokuja enzi ya kusoma jenomu nzima, jozi za sumu na kiuasumu zilionekana kila mahali, tena kwenye kromosomu, ambako hakuna mgeni wa kumfukuza. Zinafanya nini huko? Kwenye nyingi, kiuasumu ni protini dhaifu ambayo vimeng'enya vya seli huimeng'enya haraka mambo yakiwa magumu, na sumu inayoachiliwa haiui bali inasimamisha: inakata RNA za ujumbe, au inaharibu RNA zinazobeba asidi amino, na ujenzi wa protini unakwama. Tayari mwaka 1983 Harris Moyed alikuwa amepata E. coli wa ajabu ambao masalia wao waliongezeka mno, na kasoro ilikuwa kwenye jeni iitwayo hipA. Ikaja kujulikana kuwa hipA ni sumu ya jozi kama hizi. Hadithi ikaanza kujiandika yenyewe: njaa au dawa huvunja kiuasumu, sumu huachiliwa, bakteria hulala, dawa humpita.

Ilikuwa hadithi nzuri mno. Mwaka 2011 na 2013 kundi la Gerdes, yule yule wa hok, lilichapisha tafiti mbili zilizoonyesha kwamba ukifuta jozi kumi za aina hii kwenye E. coli, masalia hupungua sana. Vitabu vikaandikwa upya. Kisha mambo yakagoma kurudiwa kwenye maabara nyingine, na kundi lenyewe likachimba. Walikuta bakteria wao walikuwa wameingiwa na virusi vya bakteria, faji aitwaye phi80, mdandiaji mashuhuri wa maabara. Walichokuwa wakikihesabu kama upungufu wa masalia kilitokana na faji. Walieleza hayo hadharani, na mwaka 2018 tafiti zote mbili ziliondolewa. Wapo wanaosimulia kisa hiki kama aibu. Mimi ningependa kuona wanasayansi wengi zaidi wakiaibika namna hiyo.

Kwa hiyo tusidanganyane: kwamba jozi hizi kwa ujumla ndizo zinazotengeneza masalia, hilo halijathibitika. Baadhi hulinda bakteria dhidi ya faji, seli moja ikijizima kabla virusi havijazaana na kuwafikia jirani. Baadhi huenda ni plasmidi za zamani zilizosahau kuondoka. Lakini ipo mifano iliyosimama. Mmoja ni TisB, sumu ya E. coli inayozuiwa na RNA ndogo iitwayo IstR-1. Siprofloksasini, ambayo utaikuta kwenye duka lolote la dawa mjini Kampala, huvunja DNA ya bakteria. Kengele ya hatari ya seli ikilia, ujumbe wa tisB hutengenezwa kwa wingi kuliko IstR-1 inavyoweza kuumudu. Protini inaingia kwenye utando, nguvu ya seli inashuka, kazi zote zinasimama. Kundi la Kim Lewis huko Boston lilionyesha mwaka 2010 kwamba bila tisB masalia wa siprofloksasini hupungua sana. Zingatia mkondo wake: dawa yenyewe ndiyo iliyomlaza aliyeikwepa.

Na bakteria wa kifua kikuu? Huyu ni bingwa. Ana jozi zipatazo 80, zaidi ya nusu za ukoo mmoja uitwao VapBC. Ndugu yake wa udongoni, Mycobacterium smegmatis, ambaye kwa kawaida hamletei mtu ugonjwa, ana chache za kuhesabika kwa vidole. Ndugu mwingine, bakteria wa ukoma, aliyepoteza jeni nyingi kwa kuishi ndani ya seli za anaowaambukiza tu, hana inayofanya kazi. Ukilinganisha watatu hao unashawishika kwamba sumu hizi zina uhusiano na maisha ya kukaa miaka ndani ya pafu, kuamka na kulala. Lakini kushawishika si kujua.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti ambao kwangu ndio ulioleta habari hii nyumbani. Nicholas Walter wa Colorado na wenzake, akiwemo William Worodria wa Mulago, walichukua makohozi ya wagonjwa 17 wa Uganda kabla ya dawa na kwa wiki mbili baada ya kuanza. Badala ya kusubiri bakteria waote, walipima RNA zao moja kwa moja kutoka kwenye makohozi. Hilo si jambo dogo: kile kinachotoka kifuani mwa mtu wa Kampala asubuhi kina RNA ya binadamu nyingi kuliko ya bakteria, na RNA huharibika ukizubaa. Ndani ya siku nne RNA za ujumbe za bakteria zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 98. Kisha kasi ya kupungua ikaanguka, mchoro ule ule wa Nairobi wa miaka 35 nyuma, safari hii ukisomwa kwa lugha ya jeni. Waliobaki walikuwa wamezima jeni za kukua, za kula na za kujenga mafuta ya ukuta wao. RNA za ribosomu, kwa kila jenomu, zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 96. Na miongoni mwa jeni zilizopanda, huku nyingine nyingi zikinyamaza, zilikuwemo za sumu na kiuasumu.

Je, sumu ndizo zilizowalaza, au walilala kwa sababu nyingine na sumu zikapanda baadaye? Utafiti ule haukuweza kusema. Kwenye E. coli ungefuta jeni na kuangalia. Kwenye kifua cha mgonjwa huwezi, na kwenye maabara ukifuta moja kati ya 80 nyingine huenda zikaziba pengo. Pia bakteria huyu hugawanyika mara moja kwa siku hivi, wakati E. coli humaliza kwa dakika 20. Anayeuliza swali kuhusu usingizi wa kifua kikuu ajiandae kungoja.

Wapo walioamua kutongoja. Badala ya kuizuia sumu, wanataka kuiachilia yote. Mwaka 2019 watafiti wa Toulouse, Hamburg na London walieleza jozi iitwayo MbcTA. Sumu yake, MbcT, haisimamishi ujenzi wa protini. Inavunja NAD, molekuli ambayo bila hiyo seli haiwezi kuendesha nishati yake, na bakteria hazimii bali anakufa. Katika hali ya kawaida molekuli sita za sumu na sita za kiuasumu hufungamana kwa duara, mdomo wa sumu ukiwa umezibwa. Watafiti walipomwondolea bakteria kiuasumu na kuiwasha sumu ndani ya panya walioambukizwa, bakteria walipungua, na zaidi pale isoniazidi ilipoongezwa. Kinachotafutwa sasa ni kemikali ndogo ya kumezwa, itakayopenya ukuta wa nta wa bakteria na kuwatenganisha wale kumi na wawili.

Dawa zenyewe hazikusimama kungoja jibu hilo. Mwaka 2021 jaribio la watu 2,516 katika nchi 13, Uganda ikiwemo, lilionyesha kwamba mchanganyiko wenye rifapentini na moksifloksasini huponya kwa miezi minne vizuri sawa na ule wa sita. Rifapentini ni ndugu wa rifampisini na hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kundi hili la dawa hupiga kimeng'enya kinachonakili RNA, na bakteria aliyelala bado huamka kidogo kidogo kunakili kitu, labda ujumbe wa kiuasumu, ambacho huoza na lazima kijazwe. Mitchison aliamini kwamba nguvu ya rifampisini iko hapo hapo, katika kuwadaka kwa haraka wanaofurukuta. Vidonge vya miezi minne ni vingi kwa siku, na gharama yake bado inajadiliwa.